Jino la Kraunwili: Historia ya Marehemu Medard Heriel Kimaryo, 1974–2025

Ndugu wafiwa, mchungaji wetu, viongozi wa jumuiya ya Watanzania hapa Guangzhou, na ninyi majirani wa Xiaobei mliofunga maduka leo Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, mimi ni Imelda, mdogo wake marehemu, na nimekabidhiwa karatasi hii kwa sababu wifi yangu Careen anasema akiisoma yeye hatafika nusu, nami nawaomba wenye habari ya Ijumaa iliyopita wasinitangulie, nitaifikia kwa mpangilio wake.

Kaka yetu Medard alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Ngare Nairobi, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa kwanza wa Mzee Heriel, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kwa miaka thelathini na mmoja, alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1982 hadi 1988, sekondari mjini Moshi hadi 1992, kisha akahitimu ufundi wa mitambo Arusha, Novemba 1995. Alifanya kazi gereji Moshi hadi Septemba 2008, alipokuja huku kununua vipuri kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo, jamani, zimekuwa miaka kumi na saba.

Alifunga ndoa na Careen tarehe 22 Julai 2000, wakajaliwa Humphrey mwaka 2002 na Ndeshi mwaka 2006, na mwaka 2010 akafungua duka lake la vipuri Mtaa wa Dengfeng, ambako Wachina walimwita Laoban Difu, yaani Bosi Difu, jina alilojifanya halipendi huku akiliandika kwenye kadi zake za biashara.

Sasa niseme habari ya difu, kwa kuwa nikiiruka mtadhani namsoma mtu mwingine. Rafiki yake wa tangu chuoni, Japheth, ana trekta la nguvu farasi mia nane, ambalo kila Nane Nane hushindana na wenzake kuvuta sledi, chombo cha chuma cha kuburutwa, chenye uzito unaozidi kadiri linavyosonga, na aliyefika mita mia ndiye amemaliza, ila nguvu hizo zote hupita kwenye difu ya nyuma, ile gia inayozigawia magurudumu, na difu ya kiwandani haikuundwa kwa adhabu kama hiyo. Medard akatangaza kwamba difu atakayoifunga yeye haivunjiki, akapaka rangi meno ya kraunwili, lile gurudumu kubwa la meno, akalizungusha kwa mkono, alama ya mahali meno yanapogusana ikakaa katikati vizuri kabisa, akaipiga picha, akatutumia sote, hata mimi nisiyejua tofauti ya kraunwili na sufuria.

Tarehe 8 Agosti 2022, mbele ya baba na kijiji kizima, difu ilipasuka kwenye mita sitini na moja. Kosa lake, alikuja kulikiri mwenyewe, ni kwamba alisoma alama bila mzigo, na mzigo ulipokuja kraunwili ilirudi nyuma, meno yakashikana kwa ncha tu, yakakatika. Baba aliokota jino moja ndani ya kasha la difu, akaliweka juu ya redio sebuleni, na kila mgeni akaonyeshwa huku baba akicheka, "Hili ndilo lile lisilovunjika." Baba alitania, lakini kaka yangu ilimwingia moyoni, na kwa miaka mitatu kila akipiga simu nyumbani aliuliza kwanza afya ya baba, kisha kama jino bado lipo, na baba hujibu kwamba lipo, halina shida.

Novemba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, nami nikaja Februari kumuuguza, nikamkuta karakana kule Huadu, amekonda, kofia kichwani, anamgombeza mchonga vyuma wake, Mzee Chen, kwa Kichina cha sokoni. Walichonga kasha jipya la difu kutoka gogo moja la chuma, wakaweka ndani yake gia ndogo nne badala ya mbili, na nyuma ya kraunwili wakafunga bolti nene yenye kichwa cha shaba, haiguswi trekta likitembea hivi hivi, lakini mzigo ukiisukuma kraunwili, bolti inaipokea mgongoni. Safari hii alifunga breki, akazungusha kwa nguvu, ndipo akasoma alama, na rangi ilipomwishia alitumia lipstiki ya Careen, ile nzuri ya harusi za watu, na wifi yangu hadi leo hajalipwa hata samahani. Siku hiyo alikuwa na furaha, na sisi tulikuwa na furaha.

Sanduku lenye difu hiyo liliondoka bandari ya Huangpu tarehe 17 Mei, Japheth akaifunga difu Julai, na kaka akawa anahesabu siku za kufika Nane Nane, lakini hakuzifikisha, alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki siku tano, mkono wake ukiwa mkononi mwa Careen, na hilo la siku tano ndilo lililoniuma kuliko yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Eugénie wa jirani kwa supu ya kila siku, Augustin aliyelipatia sanduku nafasi melini, Mzee Chen aliyekaa pale nyuma, na nyote mliochangia safari ya mwili kesho kwenda nyumbani.

Nimalizie na wewe, kaka. Ijumaa Japheth alivuta mita mia zote, wakafungua difu palepale uwanjani, meno yote mazima, na baba akaomba kurudishwa nyumbani mapema, akanipigia simu. Amenituma nikwambie kwamba jino amelitupa. Basi pumzika, Medard, pumzika kwa amani yako yote.