Sahani Namba Arobaini na Sita

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Khadija Bilali anakabidhi funguo za ghala la Kituo chetu cha Sanaa hapa Makiso, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Karibu sote tulipoanza kazi tulimkuta hapa. Mimi nilipoajiriwa, ndiye aliyenifundisha kutundika picha ikakaa sawa.

Aliingia Machi 1993 kama mfagiaji. Miaka mitano baadaye akapewa ghala, na tangu hapo hakuna sanamu wala picha iliyopita mlangoni bila kuandikwa kwenye daftari lake. Hakukosea, isipokuwa mara moja. Mchongaji mmoja alituletea sanamu ya sufuria kuukuu zilizojaa masizi. Mama Khadija aliona aibu kwa ajili ya wageni, akazisugua kwa mchanga hadi zikang'aa. Kumbe masizi yale ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe! Mchongaji alipoziona alikaa chini sakafuni. Mama akawasha moto uani, akapika pondu, majani ya muhogo, ndani ya sufuria zile siku tatu mfululizo mpaka zikawa nyeusi tena. Wafanyakazi wote tulishiba.

Yaliyotokea mwaka 2023 hatujayazoea mpaka leo.

Wazee wa kituo wanakumbuka kwamba wakati wa vita vya siku sita vilivyopiganwa humu mjini, Juni 2000, Mama Khadija na watoto wake walijificha humu ghalani. Nyumba yao mtaani Tshopo ilipigwa na bomu, ikabaki majivu. Mdogo wake, Nyota, aliyekuwa akipanga chumba mtaa wa pili, hakuonekana tena. Jioni ya kabla ya vita alikuwa amekuja kula kwa dada yake, akaondoka na sahani ya chakula cha kesho. Mama alimtafuta hospitalini na makanisani, akaandikisha jina lake kwenye orodha ya waliopotea. Mwisho akamfanyia kisomo.

Miaka ishirini na mitatu ikapita. Désiré, mchongaji mwingine na mpiga picha wa hapa mjini, alishuka mto akiwapa watu vyombo vipya na kuchukua vya zamani, ili aviunge kuwa sanamu moja ya mwanamke aliyesimama. Alimpiga kila mtu picha akiwa na chombo chake kabla ya kukitoa. Alirudi na magunia sita ya sahani, vijiko, birika na mabeseni.

Mama Khadija aliketi kuviandika kimoja kimoja. Alipogeuza sahani ya bati ya arobaini na sita, kalamu ilimtoka mkononi. Chini yake palikuwa na herufi K.B., zilizokwaruzwa kwa msumari, kama akina mama wanavyotia alama vyombo vyao visipotee kwenye sherehe na matanga.

"Hii sahani iko yangu," alisema polepole. "Nani alikupa?"

Désiré alileta picha. Ilimwonyesha msichana amesimama mlangoni huko Yangambi, ameikumbatia sahani kifuani. Mama aliisogeza dirishani penye mwanga, kisha akasema msichana yule ana sura ya Nyota. Hakulia. Aliokota kalamu, akaiandika sahani daftarini, kisha akauliza boti ya Yangambi inaondoka saa ngapi.

Kesho yake alipanda boti, mimi na Désiré tukamsindikiza. Msichana anaitwa Nadia. Mama Khadija alipojitaja jina, Nadia alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Mama aliniambia kama mulikufaka wote," alisema.

Nyota alikuwa ameona majivu ya nyumba, na jirani akamhakikishia kwamba hakupona mtu. Akakimbia kwa miguu porini akiwa na sahani ile na mimba ya Nadia, akafika Yangambi, na hakutaka kuuona mji huu tena. Alifariki mwaka 2014 kwa homa. Miaka kumi na minne ndugu hawa wawili walikuwa hai kando ya mto mmoja, kilomita mia moja hivi kati yao, kila mmoja akimwombolezea mwenzake. Mama Khadija alipolisikia hilo ndipo alipolia, na Nadia, ambaye hakuwahi kumjua ndugu hata mmoja wa mama yake, akamshika.

Désiré alitaka kuirudisha sahani. Mama alikataa, alitaka watu waione. Siku ya ufunguzi wa maonyesho Nadia alisimama kando ya sanamu, na wageni waliosoma maelezo ya picha yake walishusha sauti bila kuombwa.

Mama Khadija, asante kwa madaftari yasiyo na ukurasa uliochanika, kwa pondu, na kwa kutuvumilia tulipopoteza misumari. Nadia anatarajia kujifungua Agosti, mtoto wake wa kwanza. Jumatatu Mama anahamia Yangambi kumngoja mjukuu huyo, na ametuambia hana tarehe ya kurudi. Nenda salama, Mama. Afya iwe nawe, usingizi uwe mtamu, na mtoto huyo azaliwe mikononi mwa bibi yake.

Benie, kwa niaba ya wafanyakazi wote