Mashujaa Watano na Mwano Mmoja

Ndani ya basi la Maganzo, mzee Jashvant wa duka la vitenge alikuwa akimwonyesha mama mmoja mwenye kuku kitabu cha zamani cha picha za mashujaa. "Hawa watano ndio walioshinda vita, mama. Huyu anaruka, huyu risasi hazimwingii."

"Wanaume kweli!" Mama alishangilia kila ukurasa, nami nyuma yao nikarefusha shingo bila aibu. "Ila mwano ukipigwa, yale mayowe ya kuitana, majirani wako wapi?"

"Wamejificha. Wanangoja kuokolewa."

"Mji mzima? Kwetu asiyetoka anatozwa ng'ombe."

"Lakini hawa wana nguvu, mama!"

"Naziona. Ndiyo maana nawahurumia, wameachiwa peke yao."

Basi likazama kwenye tope, utingo akapiga kelele tushuke tusukume. Jashvant akawa anakunja ukurasa alipoishia. Mama, kuku kwapani, alikuwa amekwisha kufika chini.

"Baba," akaita, "mwano huo!"