Nani Kaweka Risasi Hizi Kabatini

Sogezeni viti, wanangu, na mzime hiyo televisheni, maana leo nina maneno mengi na pumzi kidogo. Edson, mzaliwa wangu wa kwanza, kaa hapa kulia nikuone macho. Ndeshi, kitindamimba wangu, najua umeendesha gari kutoka Houston na umechoka, lakini usisinzie. Humphrey, mkwe wangu Mkisii, toka hapo mlangoni. Mtu anayesimama mlangoni wakati mzee anausia, ama anataka kukimbia, ama anawazuia wengine wasikimbie, na mimi sijajua wewe ni yupi. Mama Edson, niinulie mto. Na wewe Salvator, ndugu yangu Mrundi, huna damu ya ukoo huu, na ndiyo sababu nimekuita. Nataka shahidi asiye na cha kurithi.

Nyumba hii ya Grand Prairie ni ya mama yenu mpaka Mungu atakapomwita, na asije mtu kumwambia ahamie kwake akapumzike, maana ninajua mapumziko ya namna hiyo. Kihamba cha Rombo, shamba la ukoo, hakiuzwi, hata mkikuta mnunuzi anayelia machozi. Hayo yako kwa wakili, hayana ubishi. Kinachoninyima usingizi ni ile bunduki iliyo kabatini.

Mnanicheka, najua. Mnasema mzee anakufa na anawaza kibunduki cha kupigia makopo. Sikilizeni basi jinsi nilivyokichagua, ndipo mtajua kwa nini ninawaza. Siku ile dukani, muuzaji alitupangia mimi na Salvator risasi za aina tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ndiyo hii tuentitu yetu, yaani namba ishirini na mbili, ndogo kama punje ya maharage, haitingishi bega, hailii sana, na haikosekani duka lolote la Texas. Ya pili ni ile ya namba kumi na saba, nyembamba, inakwenda mbali kwa mstari ulionyooka kama uzi, lakini upepo wa huku ukivuma inayumbishwa, na bei yake inakufanya uhesabu kila unapovuta kifyatulio. Ya tatu ni magnamu. Nayo ina namba ishirini na mbili, ila ganda lake ni refu na nene zaidi, ina kishindo, na wenye mifugo huitumia kwa mbweha. Muuzaji akaisifu sana. Salvator, unakumbuka ulivyoisogeza pembeni kwa kidole? Ukasema, “Mzee Gelasius, kopo la soda haliwezi kutudhuru. Nguvu yote hii ya nini?” Wewe uliyekimbia milio ya bunduki tangu ujana wako ulitaka ile inayolia kidogo kuliko zote, na sikukuuliza sababu.

Neno lile limekaa nami tangu siku hiyo. Kopo halihitaji nguvu. Mtu anayetaka nguvu kuliko kopo, ana kitu kingine anachokilenga. Kwa hiyo Edson, ulipokuja kuniambia, “Baba, tuentitu ni ya watoto, chukua magnamu,” nilicheka kwa mdomo, lakini moyoni niliweka alama. Na ulipouliza mara ya pili nani ataichukua bunduki nikishaondoka, niliweka alama nyingine.

Mnajua pia desturi yetu ya kule shambani Ennis tunakopigia shabaha. Kwetu Uchaggani, aliyekosa humpelekea mwenzake jani la sale, na sale halikataliwi hata kama ulikuwa umeapa kutosamehe. Hapa nilipanda sale kwenye chungu, baridi ya Februari ikaliua, nikapanda jingine, nalo likafa. Ndipo tukakubaliana, Wachagga kwa Warundi, kwamba aliyemkosea mwenzake ataleta boksi la risasi lisilofunguliwa, aliweke pembeni ya bunduki bila kusema neno. Aliyekosewa akilifungua, yamekwisha, na yeye ndiye anayepiga wa kwanza. Salvator, sisi wawili tumepelekeana maboksi mangapi? Hatukuyahesabu, na ndiyo maana tumezeeka pamoja.

Sasa nafika penyewe. Siku ya kipaimara cha mjukuu wangu Clara, Edson, ulimwambia shemeji yako mbele ya wageni, nyama ikiwa mdomoni, kwamba yeye ameolewa, kwa kuwa nyumba yao ya Sharpstown ina jina la Ndeshi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini wewe ulichagua, na ulichagua vizuri. Na wewe Humphrey ukamkunja shati kaka wa mkeo, mbele yangu mimi mkweo, ukamwambia, “Tutaonana.” Nimeishi muda mrefu, baba. Nimesikia watu wengi wakisema tutaonana, na si wote waliomaanisha kuamkiana. Tangu siku hiyo mnapishana kwenye korido ya nyumba yangu kama wapangaji. Mmoja akija kuniona, mwingine anangoja nje, gari lake halizimwi.

Kisha mama yenu akafungua kabati kutafuta shuka, akaniletea boksi hili. Ndeshi, lichukue hapo mezani uwaonyeshe. Magnamu! Kabatini mwangu, pembeni ya bunduki ambayo haiwezi kuipokea, maana ganda lake ni nene, hata ukilisukuma kwa nyundo haliingii. Nikauliza kwa simu, mmoja mmoja. Edson akasema si yeye. Ndeshi akasema hajui. Humphrey hakupokea simu.

Nililala kitandani hapa nikiwachambua kama mchele. Nikasema, hii si sale. Hakuna aliyepiga shabaha nasi anayeweza kuleta amani ya magnamu, hata watoto wanajua kusoma kilichochongwa kwenye mtutu kabla ya kununua. Basi aliyeiweka ana bunduki nyingine mahali fulani, kubwa kuliko hii, na amesahau boksi, au ameliacha makusudi lionekane. Nikamfikiria Edson na magnamu yake. Nikamfikiria Humphrey na tutaonana yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekunywa uji wenu huku nikiwatazama mikono. Niliogopa, wanangu, nasema wazi. Kufa sikuogopi. Niliogopa kwamba msiba wangu utazaa msiba mwingine, na mama yenu avae nguo nyeusi juu ya nguo nyeusi.

Kwa hiyo nauliza hapa, shahidi akisikia, na sitatoa baraka kabla sijajibiwa. Nani kaweka risasi hizi kabatini?

Nani? Rudia, sisikii vizuri. Wewe, Humphrey? Ndeshi, acha kulia mwache mumeo aseme. Enhe. Ulisimuliwa na mkeo habari ya maboksi. Ukaingia dukani Houston. Ukaona aibu kumwuliza muuzaji, mtu mzima hajui risasi, ukaona namba ishirini na mbili ukachukua. Ukaliweka siku uliyoleta dawa zangu, ukimtegemea Edson ndiye atakayelikuta. Na simu yangu hukuipokea kwa sababu...? Kwa sababu uliona mwezi umepita boksi halijafunguliwa, ukadhani amelikataa. Ee Mungu wangu. Nyie watu wa Kisii!

Edson, inua uso. Uliliona boksi? Usinidanganye, naona shingo yako. Uliliona. Ukadhani ni kitisho, ukalirudisha, ukanyamaza. Basi na wewe umetoka kwangu kweli, shaka umenyonya na maziwa. Umesikia lakini? Uliyemtusi wewe ndiye aliyekuletea sale. Wewe ndiye uliyepaswa kutangulia. Mtu ambaye hajawahi kushika bunduki aliingia duka la bunduki kwa ajili yako.

Maji. Kidogo tu, mama Edson. Inatosha.

Haya. Nimeamini. Lakini kuamini kwangu hakujawahi kuondoa tahadhari. Bunduki ni ya Edson, akae nayo DeSoto, ndani ya sanduku la kufuli. Ila bolti, kile chuma mnachokivuta nyuma kabla ya kupiga, nilikitoa siku ile ile mama yenu alipoleta boksi, nimekilalia hapa chini ya mto. Salvator, ingiza mkono... hapo. Mpe Humphrey. Aende nacho Houston. Bila bolti, ile ni fimbo tu. Edson akitaka kupiga kopo, amwite shemeji yake. Humphrey akitaka, apande barabara aje. Hakuna atakayepiga peke yake. Na mtampeleka Humphrey dukani, mmoja wenu amwonyeshe tuentitu, bila kumcheka. Kidogo mnaweza kumcheka.

Nizikeni mtakapokubaliana wote wawili. Rombo au hapa, sina neno tena. Mkishindana, niacheni mochwari mpaka mpatane.

Sogeeni niwatemee mate ya baraka. Karibu zaidi... mdomo umekauka. Edson. Ndeshi. Na wewe Humphrey, inamisha kichwa, wewe pia ni wangu. Mzae, mzeeke, milango yenu igongwe na wageni wa heri. Watoto wenu wawazike, msiwazike ninyi. Mungu... mama yenu atamalizia.

Bado moja. Edson, lichukue boksi. Najua haziingii. Hazitapigwa kamwe. Lifungue hivyo hivyo.

Hapana, si kesho. Mkisema kesho sitaamini. Sasa, karibu na sikio langu.

Chana. Nisikie.