Historia ya Mwalimu Dirisha, Aliyefundisha Nyumba Kupumua

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wa Jumamosi, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake wa kiume niliyemfuata ziwa, wakubwa wamenituma niisome karatasi hii eti kwa sababu sauti yangu haitetemeki, basi mnivumilie, maana hata hilo neno marehemu bado halijakubali kukaa mdomoni mwangu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu, mlinzi wa kiwanda hicho, na mama yetu mshonaji, chumba ambacho dirisha lake moja lilikuwa limezibwa kwa ubao kwa sababu ya moshi, na sisi tuliolala humo tunajua kwamba ugomvi wake na hewa nzito ulianzia pale.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972, akaingia sekondari mwaka 1979, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1984 katika somo la sayansi kimu, na Januari 1985 akaajiriwa katika sekondari ya wasichana, ambako alifundisha kupika, kushona na kutunza nyumba hadi alipostaafu mwaka 2019. Jina la Mwalimu Dirisha alipewa huko, kwa kuwa hakuna chumba alichoingia, kiwe darasa au ofisi ya mkuu wa shule, asianze kwa kufungua madirisha ndipo asalimie, na hata siku alipokuja kwangu kuwapokea wakwe zangu watarajiwa aliyafungua yote matatu, upepo ukabeba vitambaa vya meza, wakwe wakabaki wanatazamana.

Mwaka 1989 shule ilimleta fundi rangi kupaka majengo, kijana akayapaka madirisha ya darasa lake hadi yakagandana, dada akamkalia kooni, akamsimamia siku nzima ayakwangue kwa kisu moja baada ya jingine, na kwa namna ambayo shemeji yetu hadi leo hawezi kuielezea, mapenzi yakazaliwa humo humo, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na kitinda mimba wa kike.

Baada ya kustaafu alianzisha madarasa ya Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, akayaita Nyumba Inayopumua, bila kiingilio, na huko ndiko wengi wenu mlikojifunza kuivisha maharage kwenye kapu lililojazwa matambara baada ya kuyachemsha kidogo tu, kupeleka maji ya kuoshea vyombo kwenye migomba, na kupaka mabati rangi nyeupe ili nyumba isiwe tanuri, kazi ambayo shemeji aliifanya karibu mtaa mzima huku akinung'unika kwamba ameoa mwajiri asiyelipa. Kila mwaka ilikuwepo siku ya nyumba wazi, akawaalika watu waingie kwake hadi jikoni, wafunue masufuria, wachungulie pipa la mboji, wala hakuona haya. Na ukimtembelea ukaacha chaja ukutani bila simu, ilichomolewa kabla hujaketi vizuri.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la hewa. Kila mara alikwenda dirishani, akafungua komeo, akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho na kunyamaza, na darasa zima likafumba macho pamoja naye, kila mtu akisikiliza kwa ngozi yake hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, na ilikuwa marufuku kufumbua macho mpaka mwenyewe aseme "haya".

Hapa ndipo husomwa habari za ugonjwa, ulianza lini na alilazwa wapi, na karatasi niliyopewa imeachiwa nafasi, lakini hatuna cha kuijaza, dada hakuugua. Ijumaa jioni alinipigia simu kunitania kuhusu feni yangu inayozunguka kwenye chumba kisicho na mtu, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 akanywa chai, akabeba kapu lake, akaenda ukumbini kwa miguu na binti yake. Katikati ya somo akaenda dirishani, akafungua komeo, akakaa, akafumba macho, akanyamaza, na ninyi nyote mkafumba macho kama mlivyozoea, mkasubiri "haya", mkaendelea kusubiri, hadi muuguzi aliyekaa nyuma alipoona ukimya umezidi, akafumbua macho, akapiga ukelele. Jamani, nimepigwa na butwaa tangu siku ile, nalirudia jambo hili kichwani na bado haliniingii.

Binti yake huyo alikuwa kiti cha mbele. Tangu siku hiyo hali wala halali, anasema mama alikuwa anakufa na yeye amefumba macho. Mpwa wangu, mjomba wako anakwambia mbele ya watu wote, daktari ametueleza kwamba moyo ulisimama ghafla, na hata kama angekuwa amelala wodini, haielekei kama angerudi. Hukumwacha mama yako, ulikuwa umekaa hatua chache kutoka kwake ukifanya alichokufundisha. Hatukulaumu, wala hatuwalaumu wanafunzi wenzako, na mwenye la kusema aje aniambie mimi.

Familia inamshukuru muuguzi aliyempigania pale sakafuni, madaktari waliompokea, walimu wenzake, na majirani ambao tangu Jumamosi hawajatuacha tuwashe jiko. Mnaouliza kuhusu darasa, shemeji amesema ukumbi utafunguliwa Jumamosi ijayo.

Sasa naomba sote tufumbe macho, tunyamaze kama alivyotuzoesha, na safari hii hatutayafumbua mpaka wewe, mpwa wangu, utuambie "haya". Usiharakishe, tutakusubiri.

Dada yangu, Mwalimu Dirisha, pumzika kwa amani.