Hasifa na Msahafu wa Mzee Bakhit

Jioni ya Jumatano, tarehe 14 Januari 1998, nyumbani Nkoma, Hasifa aliomba uji, akaonja kijiko kimoja, akasema umezidi sukari, mumewe akaenda jikoni kupika mwingine, na aliporudi alimkuta amelala. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameaga dunia.

Marehemu alizaliwa Jinja tarehe 3 Machi 1956, binti wa mwanajeshi, akalelewa na babu yake, Mzee Bakhit, aliyenakili msahafu mzima kwa mkono wake, kwa wino wa masizi na gundi ya mti, akauweka wakfu katika msikiti wa mtaa wao. Alisoma hapo hapo Jinja, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo mwaka 1975, na tarehe 12 Agosti 1978 akaolewa Mbale na Umaru Wanyera, mwalimu wa baiolojia, wakajaliwa watoto wawili, Night, na Bakhit aliyepewa jina la babu.

Mwishoni mwa Novemba 1997 alipata habari kwamba msahafu umeliwa na mchwa, na kamati ya msikiti, kwa desturi ya misahafu iliyochakaa, imeamua kuuzamisha katika mto Nile siku ya Ijumaa. Akaenda, akawasihi wazee, wakamkabidhi kwa shingo upande, naye Jumatatu, tarehe 1 Desemba, akapanda basi kuupeleka Namatala, mjini Mbale, kwa shangazi yake Kulusumu, ambaye Mzee alimfundisha kuchanganya wino ule.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimevunja daraja la mwisho kabla ya mji, basi likakomea hapo, na mumewe, aliyekuja kumpokea, akamwona ng'ambo akijitwika msahafu na kuingia majini. "Mama, rudi, utanunua ingine!" askari mmoja alimpigia kelele. "Afande, hii hainunuliwi," alijibu, maji yakiwa kifuani. Alivuka, lakini mkondo ulikuwa umelowesha kurasa za Yasini, wino unachuruzika, naye akakinga kikombe, akaziminya taratibu juu yake, kwani maji yaliyoosha aya hayamwagwi chini yakakanyagwa, hunywewa kama kombe la dawa. Mumewe alimwomba wayachemshe kwanza. "Mwalimu, na Yasini utaichemsha?" Akacheka, akanywa yote, na mumewe, ambaye kila mwaka huwafundisha wanafunzi kinachoishi katika maji ya mafuriko, alicheka naye.

Hasifa alisoma sura ile kwa moyo, shangazi akaandika upya herufi zilizofutika, na kazi ilipokamilika homa ya matumbo ilikuwa imekwisha kumshika. Alilazwa tarehe 20 Desemba, akaruhusiwa tarehe 10 Januari, sote tukidhani amepona. Msahafu utarudi Jinja kesho Ijumaa, bila yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani wa Nkoma walioleta kuni na viti, wenzake wa kiwandani waliosafiri kutoka Jinja, na walimu wote waliofika.

Asubuhi ya leo Umaru aliteka maji ya kumwosha, akayaweka motoni. Kulusumu akamwambia, "Baba Night, ya kuoshea yanatosha vuguvugu." Hakuyaepua. Aliyaacha mpaka yakatokota, akayaacha tena, kisha akakaa kando ya sufuria akingoja yapoe.

Hasifa, kurasa zimekauka. Nawe pumzika kwa amani.