Wakili Wojtanik na Miaka Mitano Isiyotajwa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, wakili Stanley Wojtanik anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya utetezi wa umma, inayowatetea wasiomudu wakili, hapa Buffalo. Ameniomba nisimpambe. Nitajaribu, ingawa mimi ni mtu wa kupamba.

Wote tunamjua. Kabla ya kila kesi kubwa lazima ale mabawa ya kuku yenye pilipili, na lazima achafue tai. Ndiyo maana droo yake imejaa tai, na nusu ya vijana wetu waliapishwa uwakili wakiwa wamevaa tai zake.

Wengi wanalala kwao leo kwa sababu yake. Ila amesisitiza nimtaje mmoja tu, Rodell Haskins.

Rodell alikiri kosa la unyang'anyi akijua atafungwa miaka saba, basi. Jaji hakumwambia kwamba baada ya jela kuna miaka mitano ya uangalizi wa serikali, ambapo mtu hatoki jimboni bila ruhusa. Stanley, wakili wake, naye hakumwambia. Akamaliza saba yake, akaenda kuishi na bintiye Erie, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Wakamkamata kwa kuvuka mpaka bila ruhusa, wakamrudisha ndani.

Alipiga simu kutoka jela. "Wakili, saba niliijua. Hii mitano umeitoa wapi?"

Stanley akaenda kulitafuta faili la kesi ile.

Hukumu ingeweza kupingwa, maana sheria inataka mtu aambiwe kabla hajakiri. Lakini ilibidi mtu aape kwamba Rodell hakuambiwa, na mtu huyo alikuwa Stanley. Bosi wetu wa wakati huo, Lorraine Fusco, alimzuia mlangoni. "Stan, ukiapa hivyo, kila uliyemtetea atarudi na lake."

"Warudi tu," akasema.

Tulikwenda kumsikiliza. Alisimama kizimbani, uso umemwiva kwa aibu, akasema siku ile alikuwa na haraka na hakumweleza mteja wake. Mwendesha mashtaka, mtani wake wa miaka mingi, aliinamisha kichwa. Sisi tulitazama viatu vyetu, maana kila mmoja alikuwa akijiuliza ni nani ambaye yeye hakumwambia.

Rodell akahukumiwa upya bila uangalizi, akaachiwa. Hakumpa Stanley mkono. "Mwaka mzima nimekaa ndani kwa haraka yako," alimwambia, akaenda zake.

Tangu hapo Stanley humweleza mteja kila kitu, kisha humtaka mteja amweleze yeye. Siku hizi sote tunafanya hivyo, na hatujawahi kumshukuru.

Tulimwalika Rodell kwenye sherehe hii. Amejibu kwamba hawezi: Ijumaa hupika na bintiye, Erie. Stanley alipoambiwa, alisema, "Vizuri. Asije," akatugeuzia mgongo, akatafuta leso.

Asante, Stan, kwa kazi yako, na kwa aibu uliyokubali kuibeba mbele yetu. Ukaishi vyema na mkeo Halina, na usingizi uwe mtamu.