Nilimfungia Kwenye Chumba cha Kahawa

Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe mwalimu wetu wa michezo, najua husali na sisi, kwa hiyo nakupa salamu yako, asalaam aleikum. Wazee mliokaa huko mbele, shikamooni. Kama sauti yangu inatetemeka mnisamehe. Sijazoea kusimama mbele za watu, na jambo lenyewe nililoombwa kulisema si jepesi.

Wengi mnanifahamu. Nalima kahawa na mahindi hapa hapa Mapera, na kijana wangu wa kwanza amesoma kwenye sekondari hii ambako leo ninyi wazazi wapya mmeitwa. Nimesikia minong'ono pale nje baada ya misa. Mama mmoja anamwambia mwenzake, "Wangu hachezi hiyo besiboli, mimi nataka asome." Sikucheki, mama. Hofu hiyo naijua. Nimepika nayo, nimepalilia nayo, nimekaa nayo kanisani huku midomo inasali na akili iko shuleni.

Mchezo huu aliuleta mwalimu wetu huyu, binti wa Tanga, anayevaa makoti mawili mwezi wa sita. Alipofika aliuliza uwanja uko wapi, tukatazamana. Ardhi tambarare huku kwetu tunaisikia redioni. Wanaume wakachonga mlima upande mmoja, na ukimaliza tu uwanja unaanza mteremko wenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia. Mpira ukipigwa mbali unatumbukia humo, watoto wanahangaika kuutafuta huku mpigaji anazunguka vituo vyote anacheka. Mwishowe wakaweka sheria yao wenyewe, kwamba mpira ukiingia kwenye ngoro mpigaji anasimama kituo cha pili, hasogei. Sijui kama huko duniani wanacheza hivyo. Sisi tunacheza hivyo.

Kijana wangu alikuwa mrushaji. Ule mkono haukutengenezwa shuleni, ulitengenezwa na ngedere. Tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kuwafukuza kwa mawe wasimalize mahindi, na alikuwa hakosi. Nilimwona siku ya kwanza uwanjani, akarusha mpira ule mgumu, mpigaji akabaki na gongo lake hewani. Nilipiga kigelegele mpaka kitenge kikadondoka. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu, siwezi kuwaficha.

Furaha ile haikukaa. Alipokuwa kidato cha tatu tuliitwa shuleni, mimi na baba yake, tukakalishwa kwenye benchi. Tukaambiwa kijana ameshuka mno, hesabu ameanguka, fizikia ameanguka, na darasani anasinzia. Shule ina utaratibu wake, asiyefikia wastani anatolewa kwenye timu, ila wetu wamempa muda ajirekebishe. Baba yake akaaga, tukatoka. Tulipofika njiani ndipo aliposema, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne akishindwa, mimi sitoi tena ada. Ataenda ziwani kwa baba yake mdogo akavue usipa."

Ndugu zetu wa kule Mbamba Bay mliopo hapa msinikasirikie. Uvuvi si kazi mbaya, na usipa, hao dagaa wenu, tunakula. Lakini mwanangu hajui hata kuogelea. Tangu siku hiyo kila nikiuona usipa sokoni napita upande wa pili.

Nikawa na roho juu. Nilihesabu kila kitu kinachomla mtoto muda wake: mazoezi, njia ya kurudi nyumbani, kuni, kahawa ya kuchuma. Nikaona dawa ni moja tu, nimtenge. Tuna chumba kidogo cha kuwekea magunia ya kahawa. Nikakisafisha, nikaweka meza na taa ya sola, nikamwambia akitoka mazoezini anaingia humo moja kwa moja. Chakula nitamletea. Marafiki wasije. Wadogo zake wasipige kelele. Nikamwondolea na kazi za nyumbani, nikazibeba mimi.

Mnatikisa vichwa, mnaona nilifanya vizuri. Hata mimi niliona hivyo.

Nawaambia, nilikuwa nakaa nje ya mlango ule nachambua maharage, sikio langu liko ndani nikisikiliza kama anafunua ukurasa. Nikisikia karatasi, napumua. Nisiposikia, nakohoa ili ajue nipo. Jamani, mtoto anasoma huku anakoholewa. Na kadiri siku zilivyokwenda, ukurasa ulifunuliwa, lakini yeye alikuwa hazungumzi. Nikimuuliza, "Umeelewa?" anajibu, "Ndiyo, mama." Kila siku ndiyo mama. Mwalimu akanipigia simu kuniambia hata mpira wenyewe sasa anarusha ovyo, na kwenye majaribio madogo ya darasani alama zimeshuka zaidi. Nilikuwa shambani. Niliketi chini kwenye udongo.

Halafu ikaja siku ya mvua kubwa. Mazoezi yaliahirishwa, nikajua atarudi mapema. Hakurudi. Nikaangalia njia, hakuna mtu. Nikaingia chumba cha kahawa, begi halipo, na sweta lake halipo. Ndugu zangu, mama akiwa na hofu hafikirii mambo mengi, anafikiria lile moja tu. Nikasema ameondoka. Amechoka na mimi, ameona aende ziwani mwenyewe kabla hajapelekwa. Nilishuka mpaka barabarani magari yanakosimama, kandambili zimejaa matope, namuuliza kila mtu. Hakuna aliyemwona. Nikaanza kulia pale pale, mtu mzima, mbele ya wauza ndizi.

Mmoja wao ndiye aliyeniambia, "Mama, wale vijana wa gongo nimewaona wakikimbilia kwa jirani yenu kule juu."

Nikapanda mlima ule sijui kwa miguu gani. Nilipokaribia jiko la huyo jirani, ambaye mwanawe ndiye mdakaji wa timu, nikasikia kelele. Nilikuwa nimeokota fimbo njiani, nawaambia ukweli. Nikasimama chini ya upenu wa paa ili nipumue kwanza. Wako ndani, wamezunguka sinia moja la makande, madaftari yamewekwa magotini, wanabishana kuhusu pembetatu. Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu. "Subirini kwanza. Hapa mimi sielewi. Tangu kidato cha pili sielewi."

Wenzake hawakumcheka. Mdakaji akasema, "Sasa mbona hukusema? Angalia, chukulia hiki ni kituo cha kwanza, hiki cha pili, na wewe umesimama hapa unaporushia." Akachora kwa kijiti cha kuni kwenye majivu. Wakarudia, wakarudia tena. Mwishowe mwanangu akasema, "Kumbe ni hivyo tu," na akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu nilipomwekea ile taa ya sola.

Nikaiacha fimbo pale nje. Kwenye chumba changu asingeweza kusema haelewi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia. Magunia ya kahawa hayajibu.

Nilipoingia walikusanya madaftari, wakajua leo ni leo. Nikawaambia, "Sogeeni, nami nikae." Nikala makande, na nikajionea aibu kidogo, kwa sababu mimi ni Mmatengo. Sisi ngoro hailimwi na mtu mmoja. Wanaume wanafyeka na kupanga majani, wanawake tunafukia udongo, na ukimkuta mtu peke yake mlimani unajiuliza ana shida gani. Babu zetu walikuwa na sengu, kila nyumba inaleta chakula chake, watu wanakula pamoja na maneno yanazungumzwa hapo hapo. Kulima tunalima pamoja, kula tunakula pamoja, kuzika tunazika pamoja. Kusoma tu ndiko tulikomfungia mtoto ndani akapambane mwenyewe.

Mimi na jirani yangu tukawaita wazazi wengine wa timu. Tukakubaliana watoto wakitoka mazoezini wasitawanyike, waende nyumba moja kwa zamu, kila mmoja na unga au maharage yake. Wale kwanza, maana mwenye njaa haoni pembetatu. Kisha madaftari, na giza lisiingie wako huko. Mwalimu naye akapanga mazoezi yaishe mapema, na sheria nyingine waliitunga vijana wenyewe: asiyewaeleza wenzake somo moja leo, kesho hashiki gongo. Msimu wa kahawa ulipofika, timu nzima ilichuma shamba la mmoja, halafu la mwingine, ili asiwepo wa kubakizwa nyumbani. Uchumaji wao haukuwa mzuri sana, kahawa mbichi zilikuwemo. Tulivumilia.

Msifikiri hofu yangu iliisha. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipobandikwa nilishindwa kwenda. Alikwenda baba yake. Nilikaa kando ya kichanja cha kuanikia nageuza kahawa ambayo nilishaigeuza, nikamwona anapanda mlima polepole, uso wake hausomeki. Huyo mwanaume ndivyo alivyo, habari njema na ya msiba anazileta kwa uso ule ule. Akapita mbele yangu, akatundika kofia, akaomba maji ya kunywa. Akanywa yote. Kisha akasema, "Usipa watavua wengine."

Nililia kuliko siku ile ya barabarani.

Sasa niwashukuru. Jirani yangu, asante kwa makande yale. Mwalimu, ulikuja kwenye baridi usiyoizoea ukakaa majikoni kwetu, macho yamejaa moshi, ukisahihisha hesabu. Baba wa watoto, asante, hata kwa kunitisha. Na ninyi wazazi wapya, siwaambii watoto wote watafaulu, maana hilo silijui. Ninachowaambia ni kwamba mchezo haukuwa adui yangu. Timu ile ile niliyoikataza kuja kwangu ndiyo iliyomtoa mwanangu kwenye shimo. Msimfungie mtoto peke yake na hofu yenu.

Kijana wangu alifaulu na mtihani wa taifa, sasa yuko kidato cha tano, mkoa wa mbali. Juzi alinipigia, nikasikia sauti iko chini, nikaanza kuhofu kama kawaida yangu. Akasema, "Mama, huku hakuna besiboli. Na fizikia ya huku ni ngumu, sielewi." Nikashika ukuta. Nikamuuliza, "Umemwambia nani?" Akasema, "Nimewaambia wenzangu. Tuko sita, tunakula sinia moja."